Chawa wa Bosi

Ofisini wananiita chawa wa bosi. Eti kila mama yule akiweka picha WhatsApp, wa kwanza kumwaga makopakopa ni mimi. Nimeshalizoea.

Ijumaa usiku nafumua nywele za binti yangu, miaka 6, mara naona punje ya ufuta inatembea. Nyuma ya masikio, mayai yamegandia nywele, ukipangusa hayabanduki. Mama mkwe akasema tumpake mafuta ya taa. Jiko la mkaa linawaka hapo hapo, na yeye anataka kumfanya mjukuu utambi!

Asubuhi, duka la dawa. Foleni. Nikanong'ona, "Kaka, naomba dawa ya chawa."

"Ya nini?"

"Chawa!"

Watu wote wakageuka. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Mwanangu, hao dawa yao bosi ahamishwe tu."

Mfamasia alicheka mpaka akakaa. Kisha akanipa losheni ya permethrini ya asilimia 1: mwoshe kwa shampuu bila kondishena, mkaushe kwa taulo, paka, subiri dakika 10, suuza, chana kwa kitana cha meno yaliyobanana. Siku ya 9 rudia, maana mayai mengine hayafi, yataangua. "Na mkaguane nyumba nzima. Hawaruki, dada, wanatambaa tu. Mara nyingi ni mpaka vichwa vigusane."

Dakika 10 na mtoto mwenye losheni kichwani, jamani, ni kama safari ya Dar mpaka Mwanza. Akauliza kama chawa wana mama. Nikajibu wanaye, ndiye tunayemuua. Akaangua kilio: "Sasa watoto wao watalelewa na nani?" Nikamwambia asijali, hao wana siku 9.

Ikafika zamu yangu. Mume wangu, ambaye ana kipara na jeuri yote inayoendana nacho, akanichana juu ya khanga nyeupe. Wakadondoka watatu, wanono.

Hapo nikaikumbuka Alhamisi. Siku ya kuzaliwa ya bosi. Tulipiga selfi, kichwa kwa kichwa, tukairudia mara nne kwa sababu macho yake hayakutoka vizuri.

Jumatatu kikaoni, bosi anasoma bajeti. Akanyamaza. Akachukua kalamu, akaipenyeza katikati ya mabutu yake, akajikuna taratibu huku amefumba macho.

Dada wa mapokezi akaniinamia sikioni. "Wewe chawa, bosi wako leo ana nini?"