Macho ya Kikoba: Yanayokuwekesha Ndiyo Yanayokukopesha

Siku ya kikao cha kikoba, yaani kikundi cha watu wanaoweka akiba pamoja na kukopeshana, karibu kila kitu hufanyika hadharani, na ni kwa makusudi. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanazo wanachama watatu wasio viongozi, na halifunguliwi mpaka kikao kikae. Unaitwa kwa namba yako, unanunua hisa moja hadi tano, wahesabu fedha wanataja kiasi kwa sauti, kisha muhuri unagongwa kwenye kitabu chako. Siku ukikosa hela ya hata hisa moja, wote wanajua. Mtindo huu wa vikundi vya akiba ulianza Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, kwa wanawake ambao wengi wao hawakujua kusoma, hivyo masikio ya wenzao ndiyo yalikuwa daftari.

Wanaousifu wana hoja nzito. Anayejiwekea peke yake hana wa kumuuliza akiruka wiki, na akiruka mbili, mpango umekufa. Kikobani faini ya kuchelewa ni ndogo, mara nyingi haifiki bei ya soda. Kinachouma ni kuitwa mara mbili watu wamenyamaza. Tena kikundi kinakupa kinga nyumbani. Ukimwambia shemeji "naweka akiba" atakuona mchoyo, ila ukimwambia "hiyo ni hela ya kikoba" anaelewa na kuondoka.

Wengi hudhani siri ya marejesho mazuri ni dhamana, yaani watu watano kudhaminiana na mmoja akishindwa wanne kumlipia. Sina uhakika huo. Huko Ufilipino, watafiti Xavier Giné na Dean Karlan walifuatilia benki iliyoondoa dhamana ya pamoja kwa baadhi ya vikundi lakini ikaacha vikao viendelee. Marejesho hayakuporomoka. Kulipa mbele ya wenzako kumbe kunatosha, hata kama hawatadaiwa kwa ajili yako.

Sasa tugeuze sarafu. Baadhi ya vikoba vina kanuni kwamba kila mwanachama lazima akope, kwa sababu hela iliyolala sandukuni haizai. Inasikika kama haki kwa wote, lakini tupige hesabu. Wanachama 20: watano hununua hisa tano kila wiki, 15 hununua moja moja. Kila wiki hisa ni 40. Kila mmoja akope 200,000 kwa miezi mitatu, riba asilimia 5 kwa mwezi, alipe riba 30,000. Faida ya pamoja ni 600,000. Kikoba kikivunjwa mwisho wa mzunguko, faida inagawanywa kwa hisa: wa hisa moja anapata 15,000, wa hisa tano 75,000. Wote wamelipa 30,000. Mnyonge amepoteza 15,000 kwa mkopo asiouhitaji, mwenye nacho ameondoka na 45,000 juu, na kanuni ilipita kwa makofi.

Kwa nini hakuna aliyenyoosha mkono? Miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch, Marekani, aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza ni ipi iliyo sawa kwa urefu, huku wenzao chumbani wamepangwa waseme uongo. Karibu theluthi ya majibu yalifuata uongo huo, ingawa ukweli ulionekana kwa macho. Alipopandikiza mtu mmoja tu wa kusema kweli, kufuata mkumbo kulishuka hadi karibu robo ya kiwango cha awali. Walioandika majibu badala ya kuyatamka nao walifuata kidogo. Kikobani kupinga ni vigumu zaidi. Wanachama watakutana kesho dukani na msibani.

Mkumbo huo ndio unaozaa balaa la marejesho. Mtu hakosi hela ghafla. Kwanza anakopa kikoba cha pili kulipia cha kwanza, kisha mikopo ya kausha damu, yaani ya riba kubwa mno, ili jina lake lisitajwe vibaya. Kikundi kinamwona mlipaji mzuri hadi wiki anayokosa kuja. Ndipo watu wanakwenda kubeba runinga na jiko la gesi, jambo ambalo mara nyingi haliwarudishii hata nusu ya deni.

Kuvunja vikundi na kumwachia kila mtu programu ya mikopo kwenye simu si dawa. Baadhi ya programu hizo zimewahi kutuma ujumbe wa aibu kwa ndugu na mabosi wa mdaiwa: aibu ileile, bila hata mtu wa kukuombea muda.

Kinachofaa kubadilishwa ni nini kionekane. Hisa na marejesho vibaki mezani. Kanuni ya kukopa kwa lazima ipigiwe kura ya siri, kama vikundi vingi vinavyochagua viongozi: kila mtu anapewa kijiwe, anapita nyuma ya pazia, anakidondosha kwenye mfuko mmojawapo. Vihesabiwe mbele ya wote. Na anayeona rejesho la mwezi ujao litamshinda amwone mweka hazina kabla ya kikao, apewe nafasi ya kuongezewa muda mara moja kwa mzunguko, bila riba ya adhabu, bila kutangazwa.