Dynamo: Kamera Haichangi Karata

Video ya Dynamo, mchezaji mazingaombwe wa Uingereza, ikizunguka WhatsApp, maoni ya kwanza huwa yale yale: "Hao watu wanaoshangaa wamepangwa." Ya pili, kwetu huku, ni kwamba jamaa ana majini, hayo tuyaache. Ya kwanza ndiyo yenye hoja, ila imetumiwa mno, hadi safari nzima ya kijana yule kutoka mji wa Bradford mpaka kwenye televisheni ionekane ni kazi ya mhariri wa picha.

Hoja yenyewe si ya kupuuzwa. Mwaka 2011 Dynamo, jina lake halisi Steven Frayne, alionekana akitembea juu ya maji ya mto Thames mbele ya Bunge la Uingereza, hadi boti ikamchukua katikati ya mto. Muda si mrefu kipindi chake, Dynamo: Magician Impossible, kikaanza kuonyeshwa. Mwaka 2013 akapita London akielea ubavuni mwa basi la ghorofa, kiganja kimoja tu kikiwa kimegusa paa. Lilikuwa tangazo la Pepsi. Aliye nyumbani haoni kilichoachwa nje ya picha, hajui kilichokatwa, wala hana wa kumuuliza kama yule anayepiga mayowe kalipwa. Mark Wilson, aliyeanza mfululizo wake wa mazingaombwe kwenye televisheni ya CBS huko Marekani mwaka 1960, aliliona tatizo hili mapema, akataka watazamaji halisi wawepo studio na kamera isikatwe mchezo ukiendelea. Kisha mwaka 1997 David Blaine, mchezaji mazingaombwe wa Marekani, akaingia mitaani, na kamera ikawageukia wapita njia. Tangu hapo tunauziwa nyuso zilizoshangaa, na uso ni rahisi kuupanga.

Hata hivyo, wanaosema televisheni ndiyo iliyomtengeneza Dynamo hawajaitazama miaka yake ya mwanzo. Amekulia katika mtaa wa nyumba za halmashauri, mdogo wa umbo, akionewa na wenzake waliokuwa wakimbeba na kumtupa. Mzee aliyemlea, aliyemwita babu, ndiye aliyemfundisha namna ya kuwafanya wale wavulana washindwe hata kumnyanyua. Fikiria hapo: mchezo wake wa kwanza ulichezwa mbele ya watu waliotaka kumpiga. Hakukuwa na wa kupanga. Ugonjwa wa Crohn, unaoshambulia utumbo, ulipomlaza hospitali akiwa bado kijana, karata zikawa mkononi.

Baadaye, kwa msaada wa Prince's Trust, shirika la hisani la kuwasaidia vijana, akaanza kujitegemea. Akawa anawavizia wasanii nyuma ya jukwaa, anawachezea, rafiki anarekodi, na mwaka 2005 akatoa DVD yake mwenyewe. Televisheni ya Channel 4 ikamwonyesha mwaka 2006. Na hapa ndipo huwa nakwama kila nikisikia habari za kutengenezwa na televisheni. Kati ya onyesho lile na mfululizo wa Magician Impossible ni miaka mitano. Miaka mitano kijana ameshaonekana kwenye chaneli kubwa ya taifa, na bado hana kipindi cha kudumu! Kama kamera ingekuwa ndiyo dawa, basi tayari alikuwa ameinywa. Na hata mlango ulipofunguka, haukuwa wa BBC wala ITV. Ulikuwa wa Watch, chaneli ya kulipia ambayo Waingereza wengi hawakuwa na habari nayo.

Lakini ushahidi ninaouona mzito kuliko wote ulikuja mwaka 2018. Dynamo alijitokeza mtandaoni uso umevimba kwa dawa, akaeleza kwamba Crohn imemletea baridi yabisi, viungo vinauma, na mikono haimruhusu hata kuchanga karata sawasawa. Alikuwa amelazimika kusimama. Sasa, mtu ambaye kazi yake inafanywa na wahariri, vidole vikiuma vinamzuia nini? Mhariri hana baridi yabisi. Kamera ilikuwepo, mashabiki walikuwepo, kilichokosekana ni mikono. Kipindi chake kipya kilikuja kuonekana kwenye televisheni ya Sky mwaka 2020, baada ya kujifunza upya vitu ambavyo vidole vilivijua tangu utotoni.

Mtu atasema hilo linathibitisha karata tu, halithibitishi Thames. Kweli kabisa, na sitajaribu kuitetea ile boti iliyotokea wakati muafaka namna ile. Ndiyo maana ningependa vituo vya televisheni vibanwe kidogo: kama waliosimama kando ya mchezaji wamelipwa, au picha imekatwa katikati ya mchezo, maandishi yaseme hivyo mwanzoni mwa kipindi. Matembezi ya mtoni na lile basi vingepoteza nusu ya utamu wake, na watu wa Pepsi wangenuna. Michezo ya karata haina cha kupoteza hapo, na sidhani kama Frayne angekuwa wa kwanza kulalamika.