Trei 90 za mayai na msiba wa baba mdogo

Jamani ile voisi noti ya muuza chipsi inayozunguka kwenye magrupu, ya mpangaji aliyeumbuka na trei zake za mayai, anayesemwa ni mimi, ndio, ila huyo muuza chipsi kaongeza chumvi mno, kwa hiyo bora mnisikilize mwenyewe.

Bufa la jirani mnalijua, nishalia nalo humu mpaka mkanichoka. Basi ili nizuie kelele zake nikakusanya trei 90 za mayai kwa huyohuyo muuza chipsi hapa Mabatini, nikazibandika ukuta mzima kwa gundi ya mbao, chini nikatandika godoro kuukuu na kapeti juu yake. Nikapiga kofi moja, pa! Hakuna mwangwi. Nikasema tayari, hii studio. (Mlioniita injinia kwenye komenti mpo? Nyamazeni.)

Sasa kodi ilikuwa imepitiliza wiki mbili, na mama mwenye nyumba analala chumba kinachofuata. Mimi sidanganyi bila mazoezi. Jumamosi asubuhi, bufa limezimwa, nyumba kimya unasikia mpaka kunguru akitembea kwenye bati, nimesimama mbele ya kioo na taulo kiunoni. Nikakohoa. "Mama, nimepata pigo." Hapana, kavu. Nikarudia na sauti ya kukatikakatika, "Mama, baba mdogo wa Ukerewe katutoka usiku, hela yote imeishia msibani." Chozi likaja lenyewe, aisee nilijikubali. Nikavuta pumzi, nikasema ngoja nianze na salamu kabisa, "Shikamoo mama..."

"Marahaba."

Nikatazama mlango, umefungwa. Dirisha, pazia limeshuka. Trei zote 90 zinanitolea macho. Sauti ikashuka tena toka juu, taratibu, kama mtu anachambua dagaa: "Huyo baba mdogo si tulimzika mwezi wa tatu mwanangu? Nilikupa na elfu kumi ya rambirambi."

Kule kwenye bufa mtu akacheka mpaka kitanda kikalia.

Kumbe kuta zetu zinaishia kwenye jipsamu, juu ya dari ni wazi chumba hadi chumba, sauti inapanda, inatembea, inashukia kwa jirani. Fundi anasema trei zinapunguza mwangwi wa ndani tu, kuzuia sauti unataka ukuta mzito ufike mpaka kwenye bati na kila upenyo uzibwe. Ananiambia leo!

Kodi nimelipa jioni ileile, nimekopa, msiulize kwa nani, na elfu kumi ya rambirambi mama kaijumlisha. Trei zinabanduka na rangi, nitapaka mimi. Bufa limerudi. Na jana baba mdogo kapiga simu toka Ukerewe, voisi imemfikia, anauliza arobaini yake ni lini.