Pepo wa mganga achezwe na nani?

Tangu Gary Gygax na Dave Arneson watoe Dungeons & Dragons kule Marekani mwaka 1974, michezo ya mezani ya kuigiza wahusika haijawahi kumtendea haki mganga. Mara nyingi anavishwa manyoya na mifupa, anapewa ngoma, halafu anarusha radi kama mchawi yeyote. Toleo la nne la mchezo huo lilimweka shamani, yaani mganga anayeongea na mizimu, katika kitabu cha pili cha wachezaji mwaka 2009, likampa na mzimu wa kufuatana naye. Lakini mzimu ule ulikwenda alikotumwa na kufanya ulichoambiwa. Toleo la tano lilipokuja mwaka 2014 na aina 12 za wahusika katika kitabu cha msingi, shamani hakuwemo, na mimi sikushangaa. Mzimu usiodai kitu hauna hadithi.

Sisi tunaocheza huku Mtwara tunaweza kumtengeneza vizuri zaidi, maana tunajua mambo haya yanavyokwenda. Shamani wa Siberia, ambaye ndiye anayeigwa na michezo hii, husimuliwa kuwa roho yake husafiri: anapiga ngoma, anauacha mwili, anakwenda kwa mizimu na kurudi na habari. Kwetu pwani pepo ndiye anayekuja. Anampanda mtu, na aliyepandwa ni kiti tu. Maneno yanayotoka kinywani mwake si yake, na akizinduka huuliza wenzake, "Amesema nini?"

Mezani tofauti hii ni kubwa mno. Anayesafiri bado ni wewe mchezaji. Anayepandwa hayupo. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ni hii: pepo akipanda, mchezaji wa mganga anyamaze, na aliyekaa kuliani kwake ndiye aseme kwa kinywa cha pepo. Mwendesha mchezo asiingilie.

Tuliijaribu Mikindani, kwa vikaratasi vya namba 1 hadi 20 ndani ya kopo la maziwa, kwa kuwa dadu la pande ishirini la kuamulia kama jambo limefaulu hatuna. Kikosi kilikuwa juu Newala kikifuata zimwi linalokunywa visima, kule ambako maji ni ya kuhangaikia hata bila zimwi. Ngoma ikapigwa, pepo akapanda, na dada aliyekaa kuliani akakaza sauti: "Sisemi mpaka nipate kaniki mpya na pweza mkavu." Pweza, Newala! Mpiganaji akataka waendelee bila ya pepo. Mwingine akasema pepo akidharauliwa atamuumiza kiti wake. Wakabishana mpaka chai ikapoa, na mwishowe wawili wakateremka pwani kumtafuta huyo pweza. Mganga mwenyewe alikuwa ameketi kimya muda wote, hajui ameahidiwa nini kwa niaba yake.

Hapo ndipo nguvu zake zinapotoka. Asipewe pointi za uchawi za kutumia na kuzirudisha kwa usingizi, aandike ahadi. Kila msaada wa pepo unaongeza ahadi moja kwenye karatasi yake, na ahadi ikichelewa, pepo anapanda wakati asioitwa, hata katikati ya vita. Wenzake wakiitikia wimbo aongezewe kwenye namba aliyochomoa. Na mganga hajigangi: dawa zake zimponye kila mtu isipokuwa yeye.

Wapo watakaotaka awe na uwezo wa kugeuza risasi kuwa maji. Nakataa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji ya kuzuia risasi, alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, Vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vinaanza, na waliokufa kusini kwa bunduki, kisha kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa, ni babu na bibi zetu. Kama tunachukua kitu kutoka kwake, tuchukue kile ambacho maji yalikifanya kweli: yaliwaweka pamoja Wamatumbi, Wangindo, Wamwera, Wangoni na wengine wasiokuwa na mtawala mmoja. Mchezoni, waliokunywa dawa moja wagawane jeraha. Mmoja akipigwa pointi kumi, wenzake wakubali kubeba sehemu yake.

Ramli nayo iwepo, ila kwa mpaka ulio wazi: itaje jambo, isitaje mtu. Iseme kaburi halijafagiliwa, iseme kuna deni la tambiko, isiseme "fulani ndiye mchawi." Nchi hii imezika vikongwe na watu wenye ualbino kwa sababu ya ramli chonganishi, na sitaki meza yangu iwafundishe vijana kwamba kumtaja mtu ni ushindi. Wanaosema mchezo wenyewe ni ushirikina nawaheshimu, lakini hapa hakuna anayeabudu kitu, tunasimulia.

Jambo la mwisho ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Mganga asichaguliwe siku ya kwanza pamoja na mpiganaji na mwizi. Waganga wengi wa pepo walianza kwa kuugua, wakapelekwa kilingeni kama wateja, wakaambiwa pepo anawataka. Basi mhusika yeyote aanze na kazi yake, awe mvuvi au mchonga vinyago. Akiugua ugonjwa usiosikia dawa, mezani aulizwe mbele ya wenzake: unamkubali, au tumtoe? Akikataa, aendelee kuvua samaki, na pepo amtafute mwingine kikosini.