Wamarekani wana karatasi, sisi tuna "bin"

Mtu wa kwetu akihamia Marekani hachelewi kukutana na mzee anayemtajia babu yake aliyetua Virginia au Massachusetts karne ya 17, na nakala ya wasia wake anayo. Mgeni hujiona mnyonge: wenzetu wana hati, sisi tuna midomo ya wazee. Naona unyonge huo hauna msingi. Karatasi za enzi ya ukoloni huku Marekani ni nyingi kweli, ila ukizifunua unakuta kina John wanne katika kaunti moja, wa ukoo mmoja, wawili kati yao wameoa kina Mary, na hakuna ukurasa unaosema yupi mwana wa nani.

Tazama ukoo wa George Washington, ambao umechunguzwa hadi mizizi. John alifika Virginia miaka ya 1650, na nduguye Lawrence naye akaja. John akamzaa Lawrence na John. Lawrence huyo akamzaa John na Augustine. Augustine akamzaa Lawrence, Augustine, George na wengine, mmoja wao John Augustine. Kwa hiyo "Lawrence Washington" ni angalau watu watatu: ndugu wa yule mhamiaji, babu yake George aliyefariki 1698, na kaka yake George kwa baba aliyefariki 1752. Hao ni watu maarufu; wakulima wasiojulikana hali yao ni mbaya zaidi.

Zanzibar ilikuwa na masultani wawili walioitwa Khalifa, mmoja alifariki 1890, mwingine 1960. Hakuna anayewachanganya, kwa sababu mmoja ni bin Said na mwenzake ni bin Harub. Jina lenyewe limebeba ushahidi. Hata huku Waholanzi wa New York, kabla na baada ya Waingereza kuitwaa mwaka 1664, walikuwa na desturi kama hiyo: Jan Pietersen ni Jan wa Pieter. Mtoto wa kiume wa kwanza mara nyingi alipewa jina la babu mzaa baba, jambo ambalo Mkikuyu halihitaji kuelezwa. Baadaye wakashika jina moja la ukoo kama Waingereza, na ushahidi ule ukapotea.

Anayeanza kutafuta hunaswa kwanza na Senior na Junior. Karne ya 17 na 18 maneno hayo yalitenganisha tu mkubwa na mdogo kati ya wenye jina moja pale mjini. Huenda walikuwa baba na mwana, ami na mtoto wa kaka yake, au watu baki kabisa. Tena yalihama: Senior akifa au akihama, Junior anakuwa Senior. Junior wa 1710 na Senior wa 1725 wanaweza kuwa mtu yuleyule. Maneno ya undugu nayo hayaaminiki: anayeitwa binamu kwenye wasia huenda ni mtoto wa ndugu, na anayeitwa baba mkwe huenda ni baba wa kambo. Na mtoto akifa, mdogo wake mara nyingi alipewa jina lilelile, kwa hiyo wakibatizwa kina John wawili nyumba moja, yule aliyekua na kuoa kwa kawaida ni wa pili.

Dawa ni kutowaunganisha watu mapema. Tengeneza jedwali, kila hati na mstari wake: tarehe, mahali, mke, kazi au cheo, majirani, mashahidi, sahihi au alama. Halafu fuata ardhi. Majina yanarudiwa, shamba halirudiwi. Kila kipande kiliingia mikononi mwa mtu kwa njia fulani na kikatoka kwa njia fulani. John akiuza ekari 200 ambazo hakuna hati inayoonyesha alizinunua wala kupewa na serikali, basi huenda alizirithi. Mtafute aliyezimiliki kabla yake kando ya kijito kilekile. Mara nyingi ni baba yake au baba wa mkewe.

Sheria ya mirathi ya kila koloni lazima uijue. Virginia, asiyeacha wasia ardhi yake ilikwenda kwa mwana wa kiume wa kwanza peke yake, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1785. Massachusetts mwana wa kiume wa kwanza alipata mafungu mawili na wengine moja moja, kwa hiyo ardhi ya watoto wanne ilikatwa mafungu matano, na mwenye mawili ndiye mwana wa kiume mkubwa. Mume akiuza, mke aliachia haki yake ya theluthi, yaani ya kutumia theluthi ya ardhi ya mumewe akifiwa, na hapo jina lake huonekana. Ukimwona John na Mary mwaka 1722, kisha John na Sarah 1724, usikimbilie kusema Mary alikufa. Angalia kwanza kama ni shamba lilelile.

Sahihi pia zina mtego. Vitabu vya mahakama ni nakala za karani, mwandiko ni wake. Lakini makarani wengi waliiga alama ya asiyejua kuandika, na John anayeweka alama mwaka huu si rahisi awe yule aliyetia sahihi kamili miaka kumi nyuma. Umri nao unasaidia: Virginia mvulana aliingia kwenye orodha ya kodi akiwa na miaka 16, na kuuza ardhi kulihitaji miaka 21.

Kisha kuna kalenda. Kabla ya 1752 mwaka wa Waingereza ulianza Machi 25, kwa hiyo Februari 1720 ilikuja baada ya Desemba 1720. Baba aliyekufa Desemba 1720 na mtoto aliyezaliwa Februari 1720: kwa macho ya leo mtoto alimtangulia, kumbe alizaliwa yatima. Mtoto kama huyo ndiye anayeelekea kupewa jina la marehemu, na ndiye miti ya ukoo ya intaneti humchanganya na baba yake. Kipimo cha vinasaba cha mstari wa kiume hakitakuokoa hapo, kwa sababu ami, baba na mtoto wa kiume wa ami wote wanaubeba uleule.

Sisi kosa letu ni jingine. Mnyororo wa majina tunao, tarehe hatuna, na mtoto anayezaliwa huku jina la babu linageuzwa jina la ukoo kwenye fomu na kuganda hapo. Tena kwetu baba mdogo naye ni baba, na ndugu wa babu ni babu. Ukimpigia simu mzee Tanga au Mombasa usimuulize "babu yake nani?" Muulize aliyemzaa ni nani, kwa mama yupi, aliishi kwenye shamba gani, amepakana na nani, na alikuwa na umri gani wakati wa Vita vya Kwanza au wa Mapinduzi ya 1964. Kwa Mkikuyu, uliza riika lake, yaani rika la waliotahiriwa pamoja. Na kila jina liandikwe na "bin" au "binti" yake, hata kama fomu ya Marekani haina nafasi yake.