Waraka Uliolala Ubavu

Mkuu wetu wa idara hapendi msongamano. Mezani kwake kuna kalamu moja, na hiyo moja ina kifuniko. Basi siku tulipomwonyesha kitazamaji kipya cha nyaraka, kile kinachofungua PDF humohumo ndani ya kivinjari, waraka hakuutazama kabisa. Macho yalikwenda moja kwa moja kwenye upau wa zana.

"Haya madude yote ya nini?"

Nikaanza kumweleza. Hiki cha kutafuta, hiki cha kukuza, hiki cha kuchapa, hiki cha kupakua, na pale mwisho kulia ile mishale miwili inafungua menyu ya ziada, yenye kuzungusha kurasa na mengineyo.

"Kuzungusha? Waraka ni feni?"

Hukumu ikasomwa papo hapo. Kuchapa kitoke, karatasi zinakwisha. Kupakua kitoke, nyaraka zisitoroke. Kutafuta kitoke, watu wasome. Na hiyo mishale sitaki kuiona.

Kitazamaji chenyewe si kazi ya mikono yetu. Ni PDF.js, programu huria ya Mozilla iliyoanza 2011, na tangu 2013 ndiyo inayofungua PDF ndani ya Firefox. Msimbo wake uko wazi, unauweka kwenye mfumo wako na kuukatakata utakavyo, kwa hiyo lawama za haya yanayofuata haziwahusu waliouandika. Ukitaka kitufe kisionekane, mstari mmoja wa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa, unatosha: display: none. Nikaandika mistari yangu, nikabonyeza Ctrl+Shift+R ili kivinjari kiachane na nakala ya zamani, upau ukabaki mtupu. Mkuu akaridhika. "Sasa hii ni ofisi."

Nikamtahadharisha kwamba display: none huficha kitufe tu, amri yenyewe inabaki hai. Mtu akibonyeza Ctrl+P atachapa kama kawaida.

"Wasiojua hawatajua," akasema. Na kweli. Tangu siku ile aliyeendelea kuchapa ofisi nzima ni yeye.

Lakini Ctrl+P ilikuwa na nafuu. Kasheshe ilikuwa kwenye herufi za kawaida. PDF.js ina mikato ya kibodi isiyohitaji hata Ctrl: N au J inakupeleka ukurasa wa mbele, P au K inakurudisha nyuma, H inageuza kishale kuwa kiganja cha kuburuta kurasa, S inakurudishia kishale cha kuchagua maandishi. Na R inauzungusha waraka wote robo duara kwenda kulia. Mikato hiyo ilikuwepo siku zote bila kumdhuru mtu, kwa sababu aliyetafuta neno aliliandika ndani ya kisanduku cha kutafutia, na herufi zikakaa humo. Kisanduku kilipofichwa, watu hawakuacha kutafuta. Waliandika tu, hewani, wakiamini kompyuta inasikia.

Wa kwanza alikuwa Mzee wa Hesabu. Mzee huandika kwa kidole kimoja, macho kwenye kibodi, na hainui kichwa mpaka neno liishe. Alikuwa na waraka wa mauzo mbele yake, anatafuta "rejareja". Hebu tukifuate kidole chake. R, waraka ukalala ubavu. E, kimya. J, ukurasa mmoja mbele. A, kimya. R, waraka ukawa miguu juu, kichwa chini. E. J, ukurasa mwingine mbele. A. Mzee akainua kichwa.

Simu ya ndani ikalia mezani kwangu.

"Mwanangu, hebu njoo. Kompyuta imepinduka."

"Shikamoo, mzee. Imeanguka?"

"Marahaba. Haijaanguka. Imepinduka."

Nilipofika nilimkuta ameshaigeuza skrini, ameiegemeza ukutani juu chini, waya za nyuma zimevutika hadi mwisho. Waraka ulisomeka vizuri tu. Tatizo ni kwamba vingine vyote sasa ndivyo vilikuwa kichwa chini, na akisogeza mausi kulia, kishale kinakwenda kushoto. Hakuonekana kukata tamaa hata kidogo. "Nimeshaizoea nusu," akaniambia.

Alikuwa amejaribu kufunga na kufungua upya. Haikusaidia, maana kitazamaji hiki hukumbuka ulipoishia: ukurasa gani, ukubwa gani, na hata umeuzungusha kiasi gani. Kila akifungua, waraka uleule, umepinduka vilevile, kama una kinyongo. Na kitufe cha kuuzungusha tena kilikuwa ndani ya ile mishale isiyotakiwa kuonekana.

Kabla sijajua cha kumjibu, masjala nao wakapiga. Dada wa huko alitafuta "mishahara". Fuata mwenyewe: S, H, H tena, halafu R. Waraka umelala ubavu na kishale kimekuwa kiganja, ukijaribu kuchagua mstari unauburuta ukurasa mzima. Akachomoa waya wa umeme. Kufikia mchana habari zilikuwa zimeenea kwamba kuna kirusi, tena kirusi chenye kuchagua watu, kwa sababu wale wa manunuzi walikuwa wakitafuta "jumla" na kwao kurasa zilisonga mbele tu, zimesimama wima. Wakaanza kujiona wana bahati.

Mkuu hakuamini habari za kirusi. Alikuwa na kikao, projekta imewashwa, wajumbe wamekaa, na yeye yuko ukurasa wa 5 anataka kupaona palipoandikwa "ripoti". Akaandika. R ikalaza waraka, P ikarudisha ukurasa mmoja. Wajumbe wakainamisha shingo kulia, kwa adabu. Akaandika tena "ripoti", kwa nguvu zaidi. Waraka kichwa chini, ukurasa wa 3. Hapo shingo hazikuwa na msaada. Mjumbe mmoja akachungulia kwa kuinama karibu na magoti yake. Mara ya tatu, ubavu wa pili, shingo zote zikahamia kushoto kwa pamoja. Mara ya nne waraka ukasimama wima.

"Si mnaona? Imekaa," akasema Mkuu, na kwa sauti ya ushindi akaanza kuwasomea ukurasa wa jalada.

Baada ya kikao nikaitwa. Nilikuwa nimeshayapata majibu, nimeziandika herufi zote kwenye karatasi: hii inafanya hivi, hii inafanya vile. Nikapendekeza kisanduku cha kutafutia kirudi, yaishe. Akasema hilo litajadiliwa. Kwa sasa anataka kitufe kimoja, kikubwa, cha kusimamisha waraka. Nikaandika mistari michache ya JavaScript, lugha ya kuamuru kurasa zifanye jambo, inayourudisha mzunguko kwenye sifuri, nikakipa kitufe jina la Simamisha. Mahali pa kukiweka alipachagua mwenyewe: pale kilipokuwa kitufe cha kuchapa, kwa kuwa pana nafasi.

Kesho yake nikamkuta Mzee wa Hesabu amesimama mbele ya printa, mikono nyuma.

"Nimebofya palepale pa siku zote," akasema. "Mara kadhaa. Leo mashine nzito."

Waraka wake ulikuwa umesimama vizuri tangu asubuhi, kwa hiyo Simamisha haikuwa na cha kufanya. Nilikuwa nafungua mdomo kumweleza, printa ikaunguruma na karatasi zikaanza kutoka. Mzee akazichukua, akazipanga, akavaa miwani. Mkuu akatokea nyuma yetu, akazipokea mikononi mwake, akashukuru, akaenda zake.

Mzee akamsindikiza kwa macho mpaka mlango ukafungwa.

"Kwani yeye anabofya wapi?"