Msumari wa dhahabu na kitabu cha nyapara

Jana kwenye grupu letu la WhatsApp mtu karusha ile picha ya Mei 1869, siku reli ya kutoka mashariki na ya kutoka magharibi mwa Marekani zilipounganishwa, injini mbili zimekutana pua kwa pua huko Utah, watu wamepanda juu wameshika chupa, chini yake kaandika "hivi ndivyo Leland Stanford alivyojenga reli". Nimelala na hasira jamani. Nimeikuza ile picha kwenye simu mpaka sura zikavurugika, namtafuta Mchina, maana upande wa magharibi waliojenga wengi ni wao, nikamkosa.

Stanford alikuwa mwenye duka. Ofisi yake ya uwakili iliungua Wisconsin mwaka 1852, akawafuata ndugu zake California wakawa wanawauzia vitu wachimba dhahabu. Mwaka 1861 yeye na wenzake wa Sacramento wakaanzisha kampuni ya reli ya Central Pacific, urais wa kampuni akashika yeye, na Januari 1862 akaapishwa ugavana wa California. Siku hiyohiyo ya kuapishwa akahutubia kwamba Asia inawaletea machicha ya watu wake. Machicha!

Miaka mitatu haijapita vizuri, vibarua wazungu hawatoshi, kampuni ikawaendea Wachina haohao, maelfu kwa maelfu. Na kazi yenyewe hebu ione: handaki la Donner Summit, kwenye milima ya Sierra Nevada, mwamba mtupu, mmoja kashika tindo wenzake wanapokezana nyundo, tundu likiingia baruti inashindiliwa, watu wanakimbia, mwamba unalipuka, wanarudi kuzoa kifusi, na siku nzima wamesogea kama futi moja tu. Theluji nayo ikaporomoka ikafukia watu. Juni 1867 wakagoma, wanataka dola 40 kwa mwezi na saa za kazi zipunguzwe, na Crocker, mshirika wa Stanford, akawakatia chakula. Kule milimani utakula nini? Wiki moja tu mgomo ukafa.

Ila kinachoniuma zaidi ni vitabu vya mishahara. Mara nyingi jina lililoandikwa ni la nyapara peke yake, wengine wote ni idadi tu. Babu yangu alikata mkonge Tanga, kipande chake, ile kadi ya kazi, mama anakitunza sandukuni mpaka leo, karatasi imechakaa lakini jina linasomeka, na kila nikikishika nasikia kama namshika mkono. Mjukuu wa yule wa Donner Summit atashika nini?

Haya, nakubali shingo upande, mtoto wa pekee wa Stanford na mkewe alifariki Florence, Italia, mwaka 1884 kwa homa ya matumbo hajafikisha miaka 16, wakajenga chuo kwa jina lake, hiki cha Stanford, na chuo ni kikubwa kweli. Uchungu wa mzazi siubishii. Useneta wa Marekani nao alikaa nao mpaka kifo, 1893.

Lakini ule msumari wa dhahabu wa sherehe ya kuunganisha reli siku ile ya picha uko makumbusho ya chuo hichohicho, umechongwa majina ya wakubwa wa kampuni. Wakubwa tu. Nimemwomba yule ndugu airushe picha upya, aandike waliojenga upande wa magharibi wengi ni Wachina, hasa wa Guangdong, na majina yao mengi hayakuandikwa.